Siku Kumi za Danieli na Wiki Sita za Watoto Wetu

Somo: Danieli 1, Yeremia 29:1-7



Kwa majuma kadhaa sasa, watu wa makanisa mbalimbali wanatuletea ulizo moja. Majina yanatofautiana, lakini habari ni ile ile. Kuna kijana wa jamaa aliyeko Marekani. Amemaliza sekondari, chuo kikuu kimemkubali, watu wamepiga vigelegele. Halafu barua inafika inayosema asingoje kuanza mwisho wa mwezi wa nane pamoja na wengine. Aingie mwisho wa mwezi wa sita, asome kwanza muhula mfupi wa wiki sita katika majira ya joto. Hapo jamaa inagawanyika. Shangazi anasema ni dharau, wamemwona mtoto wetu hana akili. Babu anauliza kama si njia ya kula makuta ya watu. Na wengine, tusifiche mbele za Mungu, wanauliza: kama atasoma kiangazi chote, ni nani atatuma pesa ya minervali ya wadogo zake?

Tumekaa na wazee wa kanisa, na walimu walio washiriki wetu, na ndugu wanaoishi kule ambao watoto wao wamepita njia hiyo. Tumeona inafaa kulileta jambo hili mbele ya Neno, maana limeanza kuvunja amani katika nyumba za waamini.

Sura ya kwanza ya Danieli tumezoea kuihubiri siku za mafungo, kwa ajili ya zile mboga na maji. Leo tuitazame kama habari ya shule, maana ndivyo ilivyo. Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria walikuwa vijana wa uhamisho. Mji wao ulikuwa umeanguka. Walipofika Babeli hawakupelekwa mashambani, walipelekwa shuleni. Muda wa masomo ulikuwa miaka mitatu. Walipaswa kujua lugha ya Wakaldayo na maandiko yao. Chakula kilitoka meza ya mfalme. Hata majina yao yalibadilishwa. Watoto wetu wa Fizi, wa Uvira, wa Kalemie, wanaosikia majina yao yakivunjwa vipande darasani kila asubuhi, wanaielewa sura hii kuliko sisi wahubiri.

Sasa angalieni. Kabla ya ile miaka mitatu kuna siku kumi. Danieli mwenyewe ndiye aliyeziomba. Mkuu wa matowashi aliogopa, akasema mfalme akiona nyuso zenu zimekonda, kichwa changu kitaondoka. Danieli akamwendea msimamizi, akamwomba awapime kwa siku kumi, kisha aamue kwa yale atakayoyaona. Siku kumi zikapita, nyuso zao zikaonekana nzuri kuliko za wengine, na msimamizi akawaacha waendelee hivyo. Miaka mitatu ilipotimia, mfalme aliwauliza maswali akawaona wamezidi waganga na wachawi wake wote mara kumi. Siku kumi mwanzoni, mara kumi mwishoni. Hatutaki kuchezea hesabu za Biblia, wako wanaofanya hivyo na hawatujengi. Lakini ni wazi kwamba zile siku chache za mwanzo zilikuwa na uzito kuliko urefu wao.

Basi tuelewe kwanza kitu chenyewe, ndipo tuhukumu kama ni dharau au ni neema.

Hapa kwetu kijana anafanya egzameni ya taifa, anangoja matokeo, na chuo kikuu kinafungua karibu na mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Marekani sekondari inaisha mwezi wa tano au wa sita, na mwaka wa chuo unaanza mwisho wa mwezi wa nane. Katikati kuna majira yao ya joto, miezi ile ile ambayo hapa tuna vumbi na kiangazi. Wanafunzi wengi hutumia miezi hiyo kutafuta kazi. Lakini vyuo havifungwi. Vina mihula mifupi, na baadhi ya vyuo huwaita wanafunzi wapya waanzie hapo.

Sababu za kuwaita si moja. Katika jimbo la Florida kuna kanuni ya vyuo vikuu vya serikali kwamba mwanafunzi anayeingia na kredi chini ya 60 lazima apate angalau kredi 9 katika mihula ya majira ya joto kabla ya kumaliza. Wanafunzi wetu wa LMD wanajua kredi ni nini, hatuna haja ya kueleza. Kwa hiyo Florida kusoma wakati wa joto hakumhusu aliye dhaifu tu, kunamhusu kila mtu, na Chuo Kikuu cha Florida huwakubali baadhi ya wanafunzi wapya kwa kuanzia katika muhula huo. Huko Pennsylvania, chuo cha Penn State kina programu iitwayo LEAP. Ni wiki sita, masomo mawili, na wanafunzi wanapangwa katika vikundi vidogo ili wajuane kabla chuo hakijajaa maelfu ya watu. Pako pia mahali ambapo watoto ambao wazazi wao hawakusoma chuo ndio wanaoalikwa kwanza, kwa kuwa chuo kinajua nyumbani hakuna wa kuwaeleza mambo ya ofisi na ya masomo.

Na pako, tuseme kweli, mahali ambapo kuna sharti. Chuo kinasema: hatujawa na hakika na alama zako, njoo kiangazi, ukifaulu masomo haya utaendelea. Hilo nalo lipo. Kwa hiyo barua isomwe mpaka mstari wa mwisho, na asiyejua Kiingereza asiifasiri kwa hofu yake. Kama kuna sharti, kijana alijue. Lakini hata hapo, hebu fikirini: mlango ambao ungeweza kufungwa umeachwa wazi kwa wiki sita. Danieli aliomba apimwe. Sisi tunapimwa, tunakasirika. Waliopita politekniki hapa nchini wanajua neno prepa, na hakuna injinia tunayemdharau leo kwa sababu alianzia prepa.

Tukitoka kwenye ulizo la dharau, tunafika mahali penye mawe. Hapa tunaomba kila papa, mama, mjomba na shangazi asikilize vizuri.

Somo la kawaida la kredi 3 katika muhula mkubwa wa Marekani linafundishwa kwa wiki kama 15. Katika muhula mfupi somo lile lile, kitabu kile kile, mitihani ile ile, linaingizwa katika wiki 6. Halipunguzwi, linakazwa. Siku moja ya kule ni sawa na siku mbili na nusu. Mtoto akiugua malaria siku tatu (na wapo wanaougua hata kule, walipokwenda nayo mwilini) amekosa kama juma moja na nusu la masomo. Vyuo vyao husema kwamba kwa kila saa moja darasani mwanafunzi ahesabu saa mbili za kusoma mwenyewe. Pigeni hesabu nasi. Somo la kredi 3 ni saa 3 darasani na saa 6 nje, jumla 9 kwa wiki, kwa wiki 15: saa 135. Zigawanye kwa wiki 6, unapata saa 22 na nusu kila wiki. Masomo mawili ni saa 45. Kazi ya kiwandani ya kutwa Marekani ni saa 40 kwa wiki. Basi kijana anayesoma masomo mawili katika muhula mfupi tayari ana kazi ya kutwa na zaidi, wala hajalala, hajapika, hajapanda basi.

Sasa mwongezee zamu ya usiku katika ghala au katika kiwanda cha nyama. Saa 40 na saa 45 ni 85. Wiki ina saa 168. Mtoto huyu atalala lini? Ataomba lini? Na matokeo ya wiki hizo sita hayafutiki, yanaandikwa katika karatasi yake ya alama, na karatasi hiyo itamfuata kila atakapoomba kazi au shule nyingine. Tena akivunjika njiani, pesa inaingia. Serikali ya Marekani ina msaada kwa wanafunzi wasio na uwezo, unaitwa Pell, ambao si deni kwa anayekaa na kumaliza. Lakini anayeacha masomo yote kabla ya kufika asilimia 60 ya muhula, chuo hupiga hesabu ya sehemu ambayo hakustahili, na sehemu hiyo inarudishwa. Tumesikia habari za vijana waliotoka katika wiki ya pili au ya tatu, bila kuaga ofisi yoyote, wakidhani wameacha tu kama mtu anavyoacha kwaya. Baadaye chuo kikawadai, na kikawazuia kujiandikisha tena mpaka deni liishe.

Kwa sababu hiyo kijana na walezi wake waulize maswali kabla ya kutia sahihi. Msaada wa muhula huu unahesabiwa katika mwaka gani wa masomo? Je, utapunguza wa mwezi wa nane? Tangu mwaka 2017 sheria inaruhusu mwanafunzi kupata nyongeza ya Pell kwa majira ya joto, hadi asilimia 150 ya kiasi chake cha mwaka, lakini kwa nyongeza hiyo lazima asome angalau nusu ya mzigo, kwa kawaida kredi 6. Chumba na chakula vinalipwa na nani? Chuo kingine kinalipa vyote, kingine hakilipi kitu. Kuuliza si kukosa imani. Bwana Yesu mwenyewe alitoa mfano wa mtu anayejenga mnara, anayeketi kwanza kuhesabu gharama.

Kuna habari moja tunapenda muijue, kwa sababu inagusa kanisa moja kwa moja. Katika miaka ya 1970, kwenye Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, mwalimu wa hesabu aitwaye Uri Treisman alisumbuliwa na jambo moja. Wanafunzi weusi wengi walikuwa wakianguka katika somo la kwanza la hesabu ya juu, na wanafunzi wenye asili ya China walikuwa wakifaulu. Wenzake walikuwa na majibu tayari: hawana bidii, jamaa zao hazijali masomo, ni maskini. Treisman hakutosheka. Aliwafuata wanafunzi 20 weusi na 20 wa asili ya China ili aone wanavyoishi na wanavyosoma. Akakuta bidii ipo, na jamaa zilikuwa nyuma ya watoto wao kwa moyo wote. Tofauti ilikuwa penginepo. Wanafunzi weusi wengi walisoma peke yao. Waliingia chumbani, wakafunga mlango, wakapambana na zoezi mpaka usiku, na waliposhindwa kila mmoja alidhani ni yeye tu asiyeelewa. Wenzao wa asili ya China walisoma peke yao pia, lakini halafu walikutana, wakasahihishana, wakachekana, wakaulizana ni swali gani mwalimu ataleta. Treisman akaanzisha vikundi vya kufanya hesabu ngumu pamoja, na wanafunzi weusi walioingia humo wakafaulu.

Tulipoisikia habari hiyo tuliwaza mara moja sura ya pili ya Danieli. Mfalme ameota ndoto, ameisahau au hataki kuisema, na amri imetoka wenye hekima wote wauawe. Danieli alifanya nini? Alikwenda nyumbani akawaambia wale watatu, ili waombe rehema pamoja. Siri ikafunuliwa usiku ule. Mtu mwenye roho bora kuliko wote wa Babeli hakufunga mlango akabaki peke yake.

Hapo ndipo tunaona faida kubwa ya wiki zile sita. Faida yake kubwa si zile kredi 6. Ni kwamba mtoto anapata watatu wake mapema. Karibu na mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, kuna chuo kiitwacho UMBC. Mwaka 1988 Freeman Hrabowski alianzisha hapo programu ya Meyerhoff kwa msaada wa tajiri Robert Meyerhoff, ili kuwalea vijana weusi wawe watu wa sayansi. Huyu Hrabowski alipokuwa na miaka 12 aliandamana na watoto wenzake katika mji wa Birmingham, mwaka 1963, wakati wa Martin Luther King, akafungwa gerezani siku tano. Kundi la kwanza la programu yake lilikuwa vijana 19. Na mlango wa kuingilia ni huo tunaouzungumza: wiki sita za majira ya joto kabla ya mwaka kuanza, wakiishi pamoja na kusoma pamoja. Hakuchukua watoto walioshindwa shule, alichukua wenye alama za juu kabisa, na hata hao aliwaanzisha mapema. Shangazi anayesema ni dharau na alitafakari hilo.

Sasa turudi kwenye ulizo la tatu, lile linalosemwa kwa sauti ya chini. Ni nani atatuma pesa?

Tunajua hali. Hatuhubiri kutoka mahali pa shibe. Tunajua kodi ya nyumba, tunajua bei ya unga, tunajua mtoto aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya deni. Tunajua pia kwamba jamaa nyingi za kanisa hili zina mtu kule. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake Marekani iliwapokea wakimbizi wa Kongo zaidi ya 16,000, na wengi wao walikuwa wamekaa miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu, upande wa Kigoma. Waliotoka wanatukumbuka, na kiangazi ndiyo wakati vijana wao wanapata saa nyingi za kazi. Kijana akiingia darasani mwezi wa sita, mfuko wa mwezi wa saba unapungua hapa. Hiyo ni hasara halisi, na asiyeikubali haongei na watu wenye njaa.

Lakini tazameni Yeremia sura ya 29. Watu wa Yerusalemu walibaki katika mji uliotekwa, maskini, na vijana wao bora walikuwa Babeli. Siku moja barua ikatoka nyumbani kwenda kwa watu wa uhamisho, ikibebwa na Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Tunaiita barua ya nabii, na ndiyo, lakini ilikuwa pia barua ya kutoka nyumbani. Iliwaambia wajenge nyumba na wakae ndani yake, wapande bustani, waoe, wazae, wautafutie amani mji ule waliopelekwa. Tumeisoma mara nyingi tukitafuta mahali Yerusalemu inapoomba kitu. Hakuna. Yerusalemu ilikuwa na shida kuliko Babeli, na barua yake haikuomba kitu.

Hatusemi mtoto asiwasaidie wazazi. Bwana Yesu aliwakemea Mafarisayo waliotumia sadaka kama kisingizio cha kuwanyima baba na mama. Tunasema wiki sita. Siku 42. Katika siku hizo, jamaa izuie mkono na izuie simu. Usimtumie sauti ya WhatsApp ya dakika kumi ukilia juu ya parseli inayouzwa. Usimwandike katika mchango wa harusi ya binamu na kumpigia kila siku kuuliza amefikia wapi. Kama kuna kilio, aambiwe, hatufichi msiba kwa mtoto, hiyo ni tabia mbaya na ikijulikana inaumiza mara mbili. Lakini aambiwe na mtu mmoja mwenye hekima, na asiambiwe kiasi cha pesa katika sentensi ile ile.

Na kanisa lina sehemu. Mashemasi wa makanisa mawili wametuambia wako tayari kutazama jamaa ambazo kijana wao anaingia muhula huo, ili kama kuna mtoto mdogo anayefukuzwa shule katika wiki hizo, sanduku la huruma lisaidie kwanza kabla ya simu kupigwa Ohio. Si pesa nyingi. Wengine na waige, na kama kanisa lenu halina sanduku, hata debe la mahindi linafanya kazi.

Neno kwa vijana wenyewe, maana tunajua mnatusikiliza kupitia intaneti.

Mkiitwa mapema, nendeni. Msidanganye mkasema mmepata safari. Siku ya kwanza tafuteni watu watatu. Si lazima wawe Wakongomani, na hata si lazima wawe waamini, ingawa ikiwa hivyo tutafurahi. Wawe watu wanaotaka kufaulu. Muwe na saa ya kukutana juu ya hesabu na saa ya kukutana juu ya maandishi, kwa sababu maandishi ndiyo yanayowaangusha wengi wa kwetu: mnasema Kiingereza cha barabarani vizuri sana, lakini Kiingereza cha karatasi ya chuo ni lugha nyingine, kama Danieli alivyojifunza lugha ya Wakaldayo. Mwendeeni mwalimu ofisini kwake. Kwetu mwanafunzi anayekwenda ofisini kwa profesa anafikiriwa ana jambo baya, na wasichana mnajua kwa nini. Kule walimu huweka saa rasmi za kuwapokea wanafunzi, mlango wazi, na wanashangaa msipokwenda. Na mkishindwa kabisa, semeni katika wiki ya kwanza, kabla siku ya kubadili masomo haijapita. Katika muhula mfupi siku hiyo inafika upesi, pengine baada ya siku chache tu.

Juu ya ibada. Wako wanaotuandikia kwamba hawatapata nafasi ya kesha la Ijumaa. Mwana wetu, binti yetu, katika wiki hizi sita lala Ijumaa. Sali asubuhi, soma sura yako, nenda ibada ya Jumapili kama kanisa liko karibu, kisha rudi kwenye kitabu. Danieli aliomba mara tatu kwa siku akiwa na kazi ya serikali, na hatusomi kwamba kazi yake ililala. Sisi tutakesha kwa ajili yako.

Na hilo tunalifanya kweli. Kuanzia Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa sita, maombi ya alfajiri ya redio yatakuwa na dakika ishirini kwa wanafunzi wa muhula mfupi, kwa wiki sita. Wakati huo wa mwaka tunawatangulia watu wa Ohio, Pennsylvania na Florida kwa saa 6, na watu wa Texas kwa saa 7. Sisi tukiamka gizani, wao bado wako katika usiku wa siku iliyopita, wengi wao juu ya vitabu. Leteni majina kwenye redio au kwa mzee wa kanisa lenu. Jina moja la mtoto linatosha, Mungu anajua jina la jamaa. Andikeni pia siku masomo yanapoanza, siku yanapoisha, na majina ya masomo mawili anayochukua, hata kama hamjui maana yake. Mama mmoja ametuletea karatasi iliyoandikwa "takwimu", akatuuliza ni ugonjwa gani. Tukacheka naye, tukamweleza, na sasa anaiombea kwa jina lake.